Mtumiaji akisema "siingii": kufuatilia tatizo la LDAP kutoka tawini hadi seva kuu

Mtumiaji akipiga simu kutoka Tukuyu na kusema "siingii", bado hajakuambia tatizo. Huenda seva haimjui, huenda inamjua lakini inakataa nenosiri lake, au imekubali nenosiri kisha ikamfungia mlango kwa sababu ya kundi. Kwenye skrini yake yote matatu yanafanana: sanduku la jina na nenosiri linarudi tupu.

Mpangilio tunaouzungumzia hapa ni ule wa ofisi nyingi zenye matawi Nyanda za Juu Kusini. Seva ya saraka (orodha ya watumiaji, manenosiri na makundi, inayoulizwa kwa lugha ya LDAP) ni OpenLDAP, nayo iko Mbeya mjini. Seva za Linux za Tukuyu, Makambako na Iringa zinaisoma kupitia SSSD, huduma ya Linux inayoiuliza saraka na kuhifadhi majibu. Pia zipo programu za wavuti, kama hifadhi ya mafaili, mfumo wa masomo na daftari la wanachama, ambazo zinaiuliza saraka hiyohiyo lakini kila moja kwa njia yake. Pale ambapo Active Directory, saraka ya Microsoft, inatofautiana tumesema. Jina la `nyanda.lan` na mtumiaji `atupele` ni ya mfano tu.

## Maswali matatu, kwa mpangilio huu

Kuzima na kuwasha ndiyo dawa ambayo wengi wanaikimbilia kwanza, nayo inafuta ushahidi. Huduma ikianza upya inajaribu kuunganika upya, pengine inafanikiwa, na tatizo likirudi Jumatatu asubuhi huna hata mstari mmoja wa kukuongoza. Uliza kwanza.

Je, seva ya tawi inamjua mtu huyu?

```
getent passwd atupele
id atupele
```

Je, saraka yenyewe inakubali nenosiri lake?

```
ldapwhoami -x -H ldaps://saraka.nyanda.lan \
  -D "uid=atupele,ou=watu,dc=nyanda,dc=lan" -W
```

Ikikubali, inakurudishia `dn:uid=atupele,ou=watu,dc=nyanda,dc=lan`. Ikikataa, unapata `Invalid credentials (49)`.

Je, seva ya tawi inamruhusu kupita?

```
sssctl user-checks atupele -a auth -s sshd
sssctl user-checks atupele -a acct -s sshd
```

Ya kwanza inajaribu nenosiri, ya pili inajaribu ruhusa peke yake. Amri ya `sssctl` iko kwenye kifurushi cha `sssd-tools`, ambacho mara nyingi hakijawekwa. Kiweke siku mtandao uko sawa, maana siku ya tatizo huenda usiweze kukishusha.

Usipime nenosiri kwa `su - atupele` ukiwa root. Root haulizwi nenosiri, kwa hiyo utaingia vizuri kabisa, utamwambia mtumiaji "mbona kwangu inakubali", na mtabishana bila sababu.

## getent hairudishi kitu

Ukiandika `getent passwd` bila jina na usione watu wa saraka, hilo si tatizo. SSSD kwa kawaida haiorodheshi watu wote. Taja jina.

Ukitaja jina na bado kimya, anza na DNS, inayogeuza majina ya seva kuwa anwani. Hapa ndipo matawi yanapoangukia mara nyingi. Ofisi ina laini ya faiba na ruta ya laini ya simu kama akiba. Faiba ikikatika, ruta ya akiba inashika na kugawa DNS ya mtandao wa simu, ambayo haijawahi kusikia `saraka.nyanda.lan`. Intaneti inafanya kazi, WhatsApp inafunguka, kwa hiyo kila mtu anaapa kwamba mtandao uko sawa.

```
getent hosts saraka.nyanda.lan
resolvectl status
```

Kama jina halipatikani, kuandika anwani ya IP kwenye `ldap_uri` kunashawishi, lakini kutakuletea ugonjwa mwingine kwenye cheti, kama tutakavyoona. Afadhali uandike jina na anwani kwenye `/etc/hosts` ya seva ya tawi, na kuhakikisha njia ya akiba nayo inapitia VPN ya kwenda Mbeya. Jina bila njia halikufikishi popote.

Baada ya jina, jaribu poti:

```
nc -zv saraka.nyanda.lan 389
nc -zv saraka.nyanda.lan 636
```

Jibu la `Connection refused` maana yake umefika kwenye mashine lakini hakuna huduma inayosikiliza: `slapd` (huduma yenyewe ya OpenLDAP) imezimika au haikuwashwa kwa poti hiyo. Ukisubiri hadi `timed out`, pakiti zinapotea njiani, kwenye ukuta wa moto au VPN. Tofauti hiyo inakuambia ukakague seva ya Mbeya au ruta ya tawi, na inaweza kukuokolea nauli ya Makambako.

Poti zikiwa wazi, rudi kwenye SSSD yenyewe. Matoleo mengi yanataka `/etc/sssd/sssd.conf` liwe la root na ruhusa 0600. Ukilihariri kwa kulinakili kutoka folda yako likabaki 0644, huduma inagoma kuanza. `sssctl config-check` inakamata makosa ya tahajia ndani ya faili. Kwenye `/etc/nsswitch.conf` mistari ya `passwd` na `group` lazima iwe na `sss`, kwa kawaida baada ya `files`. Na kama `nscd`, huduma nyingine ya kache, nayo iko hewani, izime kwa upande wa watu na makundi, la sivyo kutakuwa na kache mbili zinazopingana.

Kuna hali moja inayochanganya hata wazoefu: mtu anaingia kwenye hifadhi ya mafaili bila shida, lakini Linux inasema `no such user`. Programu za wavuti zinaridhika na `uid` na nenosiri. Linux inataka mtu mwenye `objectClass: posixAccount`, `uidNumber`, `gidNumber` na `homeDirectory`. Aliyesajiliwa kupitia ukurasa wa msimamizi wa programu mara nyingi anakuwa `inetOrgPerson` tu. Mwangalie:

```
ldapsearch -x -H ldaps://saraka.nyanda.lan \
  -D "cn=msomaji,ou=huduma,dc=nyanda,dc=lan" -W \
  -b "dc=nyanda,dc=lan" "(uid=atupele)" objectClass uidNumber gidNumber homeDirectory loginShell
```

Ukimwongezea `uidNumber`, usianzie 1000. Watu wa ndani ya seva wanaanzia hapo, na namba mbili zikigongana mafaili ya mmoja yanakuwa ya mwingine. Anzia juu, tuseme 20000.

Ukimaliza kumrekebisha na `id` bado inakataa, subiri kidogo. SSSD inakumbuka "hayupo" kwa sekunde 15.

## Anajulikana, nenosiri halipiti

`id atupele` inarudisha namba na makundi, lakini kila nenosiri linakataliwa, la kila mtu, tangu siku ya kwanza. Hii karibu kila mara ni TLS, yaani ufichaji wa njia kati ya seva mbili. SSSD inakubali kusoma majina kwenye njia isiyofichwa, ila kwa `auth_provider = ldap` haipeleki nenosiri kwenye njia hiyo hata kidogo. Ndiyo maana utambulisho unafanya kazi na uthibitisho haufanyi. Tumia `ldaps://`, au baki na 389 na uweke `ldap_id_use_start_tls = true`, kisha hakikisha `ldap_tls_cacert` inaelekeza kwenye cheti cha mamlaka iliyosaini cheti cha seva.

Kama ilikuwa inafanya kazi na ikaacha ghafla kwa matawi yote, kitazame cheti:

```
openssl s_client -connect saraka.nyanda.lan:636 </dev/null 2>/dev/null \
  | openssl x509 -noout -subject -dates -ext subjectAltName
```

`notAfter` ikiwa imepita, umepata jibu. Ikiwa tarehe ni nzima, linganisha jina. Cheti cha `saraka.nyanda.lan` hakikubaliki ukiita seva kwa `10.20.0.5`, na hapo ndipo ile IP iliyowekwa kwa haraka inapokurudia. Kuzima ukaguzi kwa `ldap_tls_reqcert = never` kunarudisha huduma dakika hiyohiyo, na kunamruhusu yeyote aliyekaa katikati ya mtandao kujifanya seva yako na kuvuna manenosiri ya ofisi nzima. Kwa jaribio la dakika tano, sawa. Tatizo ni kwamba mstari huo ukishaingia hautolewi tena.

Tawi moja tu likikataa cheti ambacho mengine yanakikubali, angalia saa ya seva ya tawi hilo. Kuanzia Novemba hadi Aprili, radi na umeme wa kukatika ni mambo ya kawaida huku, na seva kuukuu yenye betri ya CR2032 iliyokufa inaamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Kwake cheti bado hakijaanza kutumika. Badilisha betri, kisha:

```
timedatectl
chronyc tracking
chronyc makestep
```

Tawi ambalo intaneti yake haiaminiki lichukue saa kutoka seva ya Mbeya, kwa mstari `server saraka.nyanda.lan iburst` kwenye faili la chrony, huduma inayorekebisha saa. Huko Mbeya nako chrony lazima iruhusu mtandao wa tawi kwa mstari wa `allow`, vinginevyo haijibu.

Kwa wanaotumia Kerberos (uthibitisho kwa tiketi zenye muda), iwe peke yake au kupitia Active Directory, saa ni kali zaidi. Kiwango cha kawaida cha kuvumilia tofauti ni dakika 5. Kerberos inahesabu kwa UTC, kwa hiyo kanda ya saa peke yake haiharibu kitu. Anayeharibu ni fundi aliyekuta seva iko kwenye UTC, akaona imechelewa masaa matatu, akaisogeza kwa mkono. Saa inayosomeka sasa inalingana na ya ukutani, ila seva iko mbele kwa sekunde 10,800 na Kerberos inavumilia 300. Dawa ni `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` kisha kuiacha chrony iweke saa.

Sasa, kama wengine wanaingia na mmoja tu anakataliwa kwa kosa la 49, usikimbilie kumbadilishia nenosiri. Kwenye Active Directory ujumbe wa 49 unakuja na alama ya ziada baada ya neno `data`, na hiyo ndiyo yenye habari. `52e` ni nenosiri baya, `525` hayupo, `530` haruhusiwi saa hiyo, `532` nenosiri limeisha muda, `533` akaunti imezimwa, `701` akaunti imeisha muda, `773` anatakiwa abadilishe nenosiri kwanza, `775` amefungiwa.

OpenLDAP haina ukarimu huo. Nenosiri baya, mtu asiyekuwepo na mtu aliyefungiwa, wote kwa kawaida wanapewa 49, makusudi, ili anayekisia asijue amekaribia kiasi gani. Kama mnatumia ppolicy, sera ya manenosiri ya OpenLDAP, uliza sifa zilizofichwa ukiwa na akaunti ya msimamizi:

```
ldapsearch -x -H ldaps://saraka.nyanda.lan -D "cn=admin,dc=nyanda,dc=lan" -W \
  -b "uid=atupele,ou=watu,dc=nyanda,dc=lan" -s base pwdAccountLockedTime pwdFailureTime pwdChangedTime
```

`pwdAccountLockedTime` ikionekana, amefungiwa, isipokuwa kama muda wa kufungiwa uliowekwa kwenye `pwdLockoutDuration` umeshapita. Thamani ya `000001010000Z` maana yake kafungiwa moja kwa moja hadi msimamizi amfungulie. Kumfungulia ni kuifuta sifa hiyo kwa `ldapmodify`. Lakini zitazame kwanza nyakati za `pwdFailureTime`: zikifuatana kwa vipindi vinavyolingana, usiku na mchana, huyo si binadamu anayekosea. Ni simu iliyobaki na nenosiri la zamani la barua pepe, au kompyuta ya ofisi iliyolihifadhi. Usipoipata, utamfungulia asubuhi na atafungwa kabla ya chai.

Halafu kuna yule anayesema "nimebadilisha nenosiri lakini seva hii inataka la zamani". Linganisha:

```
getent -s files passwd atupele
getent -s sss passwd atupele
```

Zote mbili zikijibu, kuna akaunti ya ndani yenye jina hilohilo, iliyoundwa enzi za kufunga seva. `files` iko mbele, kwa hiyo ndiyo inayoshinda.

## Kusoma logi ya slapd, mstari kwa mstari

Hapa ndipo inafaa kutulia. Programu nyingi zinaficha kosa la kweli nyuma ya "jina au nenosiri si sahihi", ilhali logi ya saraka haifichi. Ikiwa `slapd` iko kimya, weka `olcLogLevel` kuwa `stats` kwenye `cn=config`, halafu fungua `journalctl -u slapd -f` huku mtumiaji akiwa kwenye simu anajaribu. Kuingia kwa kawaida kupitia programu ya wavuti kunaonekana hivi:

```
conn=1043 op=0 BIND dn="cn=msomaji,ou=huduma,dc=nyanda,dc=lan" method=128
conn=1043 op=0 RESULT tag=97 err=0 text=
conn=1043 op=1 SRCH base="ou=watu,dc=nyanda,dc=lan" scope=2 deref=0 filter="(uid=atupele)"
conn=1043 op=1 SEARCH RESULT tag=101 err=0 nentries=1 text=
conn=1043 op=2 BIND dn="uid=atupele,ou=watu,dc=nyanda,dc=lan" method=128
conn=1043 op=2 RESULT tag=97 err=49 text=
```

Kuna hatua tatu hapo. Kwanza programu inajitambulisha kwa akaunti yake ya huduma. Pili inamtafuta mtu kwa kichujio. Tatu inajaribu kuingia kwa jina kamili la mtu huyo na nenosiri aliloandika. Namba `tag=97` ni jibu la kujitambulisha, `tag=101` ni mwisho wa utafutaji.

Kwenye mfano huu hatua mbili zimepita na ya tatu imepata `err=49`: tatizo ni la Atupele mwenyewe, nenosiri au kufungiwa.

Kama 49 iko kwenye `op=0`, Atupele hana kosa lolote. Ni akaunti ya huduma ambayo nenosiri lake limebadilishwa au limeisha muda, na watumiaji wote wa programu hiyo wako nje kwa pamoja. Hili linatokea pale sera ya kubadilisha nenosiri kila baada ya siku kadhaa inapowekwa kwa kila akaunti bila kuziondoa za huduma. Wape `ou=huduma` sera yao.

Kama hatua ya pili ina `err=0` lakini `nentries=0`, saraka imetafuta kwa uaminifu na haikuona mtu. Soma `base` (mahali utafutaji unapoanzia) na `filter` (kichujio) herufi kwa herufi. Mara nyingine programu inatafuta `(mail=atupele)` wakati mtu kaandika jina, au inatafuta `(sAMAccountName=atupele)`, sifa ya Active Directory, kwenye OpenLDAP. Wanaotaka vyote viwili waweke kichujio cha `(|(uid=%s)(mail=%s))`, kwa alama ya nafasi inayotumiwa na programu husika. `nentries=0` pia hutokea pale kanuni za ruhusa za saraka zinapomzuia `msomaji`, akaunti ya huduma, asione `ou=watu`. Rudia utafutaji uleule kwa akaunti ya admin: yeye akimwona na msomaji asimwone, ni `olcAccess`. `err=32` ni njia iliyoandikwa vibaya, `base` isiyokuwepo.

Na kama hakuna mstari wowote unaotokea mtumiaji akibonyeza kitufe? Programu haijafika kabisa. Acha saraka, rudi kwenye DNS, poti na cheti, lakini safari hii ukiwa kwenye seva ya programu.

Ukipima akaunti ya huduma kwa `-y faili` badala ya `-W`, kumbuka faili zima linachukuliwa kama nenosiri, pamoja na alama ya mstari mpya mwishoni. Liandike kwa `printf`, si kwa `echo` ya kawaida.

## Nenosiri limekubaliwa, mlango umefungwa

Logi ya SSH inasema `pam_sss(sshd:auth): authentication success`, na mstari unaofuata `pam_sss(sshd:account): Access denied for user atupele: 6 (Permission denied)`. Hapa nenosiri limemaliza kazi yake. Angalia `access_provider`. Ikiwa ni `simple`, soma `simple_allow_groups`. Ikiwa ni `ldap` bila `ldap_access_filter`, inakataa kila mtu, ndivyo ilivyotengenezwa.

Kundi limeandikwa sawa, Atupele yumo ndani ya kundi kwenye saraka, lakini `id` haimwonyeshi nalo? Ni aina ya makundi. SSSD kwa `id_provider = ldap` inategemea mtindo wa `rfc2307`, ambamo wanachama wanaandikwa kwa jina fupi kwenye `memberUid`. Makundi yenu yakitumia `member` na jina kamili la mtu, weka `ldap_schema = rfc2307bis`, futa kache ya makundi kwa `sss_cache -G`, na anzisha SSSD upya.

Kama umemwingiza kwenye kundi sasa hivi, atoke na kuingia tena. Kikao kilichokwisha funguliwa kinabaki na makundi yake ya zamani. Kache ya SSSD nayo inaishi sekunde 5,400, yaani saa moja na nusu. `sss_cache -u atupele` inailazimisha iulize upya.

Mambo mengine ya haraka: `AllowGroups` kwenye `sshd_config` inakataa hata aliyepitishwa na SSSD. `loginShell` ya `/bin/zsh` kwenye seva isiyo na zsh inaandika `not allowed because shell /bin/zsh does not exist`. Na anayeingia kisha akakuta `Could not chdir to home directory` hajaundiwa folda: kwenye Debian na Ubuntu washa mkhomedir kupitia `pam-auth-update`, kwenye familia ya Red Hat ni `authselect select sssd with-mkhomedir` pamoja na huduma ya `oddjobd`.

## SSH inapita, programu ya wavuti inagoma

Programu haipitii SSSD, kwa hiyo afya ya SSSD haithibitishi chochote kuhusu programu. Ina seva yake, base yake, kichujio chake na cheti chake. Programu za PHP zinasoma `TLS_CACERT` kwenye `/etc/ldap/ldap.conf` (Debian) au `/etc/openldap/ldap.conf` (Red Hat), na ukibadilisha hapo lazima PHP-FPM ianzishwe upya. Kwenye mashine yenye SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux), `ldapsearch` yako inaweza kupita ilhali ya Apache inazuiwa. Dawa ni `setsebool -P httpd_can_connect_ldap on`, wala si kuizima SELinux nzima.

Programu inayotegemea `memberOf`, sifa inayotaja makundi ya mtu, ina mtego wake. Kwenye OpenLDAP, overlay (nyongeza) ya memberof inaandika sifa hiyo kwa wanachama wanaoongezwa baada ya kuwashwa. Waliokuwemo kabla hawaipati mpaka watolewe na kurudishwa kwenye kundi. Ndiyo maana wafanyakazi wapya wanaingia na wa zamani hawaingii, jambo linaloonekana kama uchawi. Na ukimkagua mtu, taja `memberOf` mwishoni mwa `ldapsearch`, maana bila kuitaja haionyeshwi. Kwenye Active Directory `memberOf` haifuati kundi lililo ndani ya kundi. Tumia `(memberOf:1.2.840.113556.1.4.1941:=...)`.

Orodha ya watumiaji ndani ya programu ikikatika kwenye 500 (OpenLDAP) au 1,000 (Active Directory), umegonga kikomo cha utafutaji, kosa namba 4. Washa utafutaji wa kurasa kwenye programu. Kwa OpenLDAP huenda ukalazimika pia kuongeza `olcLimits` kwa akaunti ya huduma.

## Inaingia, ila inachukua dakika nzima

Tafuta `not indexed` kwenye logi ya slapd. Ukiona `mdb_equality_candidates: (uid) not indexed`, saraka inapekua watu wote kila mmoja anapoingia. Ongeza `olcDbIndex: uid eq`, na vivyo hivyo kwa `memberUid` au `member`. Matawini, ambako laini ni nyembamba, `ignore_group_members = true` inazuia SSSD isivute orodha ya wanachama wote wa kila kundi kwa ajili ya mtu mmoja.

## Laini ya kwenda Mbeya imekatika

Weka `cache_credentials = true` kwenye seva za matawi kabla ya masika. Aliyewahi kuingia kwa mafanikio tangu ilipowashwa ataendelea kuingia bila Mbeya, kwa nenosiri lile la mwisho alilotumia kwenye seva hiyo. Aliyebadilisha nenosiri akiwa Iringa atatakiwa kutumia la zamani akiwa Tukuyu mpaka laini irudi. Hali ya unganisho inaonekana kwa `sssctl domain-status nyanda.lan`.

Kosa kubwa la siku hiyo ni kufuta `/var/lib/sss/db` kwa nia ya "kusafisha kache". Ndani yake ndimo zilimo kumbukumbu za manenosiri. Ukizifuta laini ikiwa imekatika, hata waliokuwa wanaingia wanabaki nje. Kache inafutwa seva ya Mbeya ikiwa hewani tu. Na kila seva ya tawi iwe na akaunti moja ya ndani, yenye jina lisilokuwepo kwenye saraka na yenye sudo, iliyojaribiwa kwa kuingia kweli.

## Kusoma kunawezekana, kuandika hapana

Watu wanaingia, lakini hakuna anayeweza kubadilisha nenosiri na mtumiaji mpya hasajiliki. Ukiona `MDB_MAP_FULL` kwenye logi, hifadhidata imefika kikomo cha `olcDbMaxSize`, ambacho kisipowekwa ni baiti 10,485,760 tu. Kipandishe hadi 1073741824, yaani gigabaiti moja, na hakikisha diski ina nafasi.

Kama `slapd` haiwaki kabisa baada ya kurejesha nakala kwa `slapadd`, tazama mwenye mafaili kabla ya kudhani nakala ni mbovu. Ukiirejesha ukiwa root, mafaili yanakuwa ya root, na kwenye Debian `slapd` inaendeshwa kama `openldap`:

```
systemctl stop slapd
chown -R openldap:openldap /var/lib/ldap /etc/ldap/slapd.d
slaptest -u
systemctl start slapd
```